Mawe ya Igogo Yatufundisha Habari za Dunia

Mgeni afikaye Mwanza kwa mara ya kwanza haanzi kuuliza habari za samaki. Hutazama juu vilimani, akasema: "Mawe haya nani aliyapanga?" Na kweli yashangaza. Jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jiwe jingine, na juu yake jingine tena. Chini yake pana nyumba ya bati, na mlangoni mama anapepeta mchele kana kwamba hapana kitu juu ya kichwa chake.

Ukitaka kuyaona vizuri, njoo Igogo. Kutoka katikati ya mji shika barabara ya Kenyatta kwenda kusini, njia iendayo Mkuyuni, Butimba na Nyegezi. Upande wa ziwani utaona reli, na bandari ya Mwanza Kusini. Upande wa pili ni kilima. Nyumba zinaanzia chini, zikapanda katikati ya mawe mpaka juu kabisa. Gari haliwezi kufika huko. Saruji hupanda kichwani, na mgonjwa hushuka mgongoni mwa nduguye.

Mimi ni karani wa parokia, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Siku za Jumamosi huwasaidia watoto wa miaka 11 hadi 14 katika masomo yao, na somo wanalolipenda kuliko yote ni habari za dunia: miamba, maziwa, milima na matetemeko. Kitabu chasema maneno machache juu ya hayo, na michoro yake ni midogo. Lakini siku hizi katika mfuko wa mzazi mmoja au wawili mna simu yenye intaneti, na ndani yake mna picha na vipimo ambavyo zamani havikupatikana hata katika vyuo vikuu. Nataka kuwaeleza ninyi wazazi na walimu wa vijijini jinsi simu hiyo na mawe haya yanavyoweza kufundisha pamoja. Maana kimoja bila kingine hakitoshi.

JIWE KWANZA

Tusianze na simu. Tuanze na jiwe. Mpeleke mtoto penye jiwe lililopasuliwa karibuni, umwambie alitazame kwa makini na kulipapasa. Ataona kwamba halina rangi moja. Mna chembe ngumu zenye kung'aa kama kioo. Hizo huitwa kwatzi. Mna chembe nyeupe au za rangi ya waridi. Hizo ni feldispa. Na mna vipande vyeusi vyembamba vimetavyo juani. Huo ni ulanga. Jiwe la namna hii huitwa itale, na wengi hulijua kwa jina la graniti. Hapo zamani lilikuwa uji wa moto chini sana ardhini. Kwa kuwa lilipoa polepole mno, chembe zake zilipata nafasi ya kukua mpaka twaziona kwa macho.

Sasa mwulize mtoto swali la mgeni: nani aliyapanga? Jibu lake ni hili. Mwamba ule ulipokuwa bado umefunikwa na udongo ulikuwa na nyufa, nyingine zimesimama, nyingine zimelala, kama ukuta wa matofali makubwa. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo. Feldispa ikishikwa na maji kwa muda mrefu hugeuka udongo wa mfinyanzi. Mwamba ukaoza kuanzia kwenye nyufa, na pembe zikaoza upesi zaidi kwa sababu maji yalizishika kutoka pande mbili au tatu. Kwa hiyo kila tofali likawa la mviringo, likazungukwa na udongo laini. Baadaye mvua ikauchukua udongo ule kuupeleka bondeni na ziwani, na mawe yakabaki yamekaa mahali pake, moja juu ya jingine. Hakuna aliyeyapandisha. Udongo ndio ulioshuka.

Mtoto aweza kuyathibitisha hayo kwa mikono yake. Mahali barabara ilipokata kilima, atafute jiwe lililooza, alifinye kwa vidole. Litavunjika kama mkate mkavu. Kisha ateremke ufukoni achote mchanga: zile chembe ngumu za kwatzi zimo, hazikuoza. Kumbe mchanga tunaojengea nyumba ulikuwa kilima.

HATUA ZA UMRI

Jambo ambalo mkono hauwezi kulifikia ni umri. Hapo ndipo twahitaji kazi ya wataalamu, nayo imo katika intaneti kwa kila atakaye kuisoma. Ndani ya itale mna punje ndogo sana zenye madini ya uraniamu, ambayo hugeuka risasi polepole kwa kiasi kisichobadilika. Ukipima uraniamu iliyobaki na risasi iliyopatikana, wajua punje ile ina umri gani, kama mtu ajuavyo muda kwa kutazama mshumaa umebaki kiasi gani. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba miamba ya huku kwetu, ambayo ni sehemu ya mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500.

Hesabu kama hiyo haiingii kichwani kwa kusikia tu. Basi wapeleke watoto uwanjani. Mmoja asimame kwenye mstari; huyo ndiye "leo". Kila hatua ndefu, yaani kama meta moja, iwe miaka milioni 100. Dunia yenyewe ilianza hatua 45 na kidogo nyuma yake. Mwamba wa Mwanza u zaidi ya hatua 25 nyuma, maana yake umri wake wapita nusu ya umri wa dunia. Wanyama wakubwa wa Tendaguru kule Lindi, ambao mifupa yao Wajerumani waliichimba tangu mwaka 1909 mpaka 1913 wakaipeleka Berlin, wapo hatua moja na nusu tu. Na Ziwa Viktoria? Hufikiriwa kuwa na miaka kama 400,000. Katika uwanja wetu hiyo ni milimeta 4, unene wa punje ya mahindi! Tena wachunguzi waliochimbua matope ya chini ya ziwa wameona kwamba lilikauka miaka kama 15,000 hivi iliyopita, kisha likajaa tena. Huo ni unene wa karatasi ya daftari, au zaidi kidogo. Furu wa aina mamia, ambao wavuvi wetu wanawajua, wameongezeka namna hiyo katika muda huo mfupi.

Mchezo huu hauhitaji simu wala umeme. Simu ilimpa mwalimu hesabu. Uwanja ukawapa watoto maana yake.

KUTAZAMA KUTOKA JUU

Sasa tufungue simu. Tangu mwaka 2005 pana programu iitwayo Google Earth, ambayo huonyesha picha za dunia zilizopigwa kutoka angani. Waanze watoto na mahali wanapopajua: paa la kanisa, gati, njia ya nyumbani. Watapiga kelele za furaha, waache kwanza. Halafu inua picha polepole. Igogo inakuwa ndogo, Ghuba ya Mwanza yaonekana kama kidole cha maji kilichoingia nchi kavu, na upande wa kusini utaona Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Endelea kuinua, mpaka ziwa zima lionekane: karibu kilometa za mraba 68,800.

Hapo waonyeshe Bonde la Ufa. Tawi moja liko mashariki, penye Ziwa Natron na Manyara. Tawi la pili liko magharibi, penye maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Ziwa letu limekaa katikati kama maji katika kiganja. Zamani mito kama Kagera na Katonga ilikuwa ikienda magharibi. Ardhi ya upande ule ilipoinuka, maji yakazuiwa, yakatanda mahali palipobonyea, mpaka yakapata mlango wa kutokea kaskazini, huko Jinja, ndio mto Nile.

Ndiyo sababu maziwa yetu mawili hayafanani. Wasomaji wa Tabora wajua kwamba reli yao hugawanyika hapo. Njia moja yaenda Kigoma, na nyingine, iliyofika Mwanza mwaka 1928, yaja kwetu. Abiria wa Kigoma hufikia ziwa lenye kina cha meta 1,470, kwa sababu Tanganyika ni ufa wenyewe uliojaa maji. Abiria wa Mwanza hufikia ziwa pana ambalo kina chake kirefu kabisa ni kama meta 80 tu, maana ni bonde lililobonyea.

Uso wa ziwa letu uko meta kama 1,134 juu ya bahari. Mwingereza Speke, alipoliona kutoka vilima vya Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, hakuwa na picha za angani. Alichemsha maji akatazama kipimajoto, kwa sababu kadiri mahali palivyo juu, ndivyo maji yachemkavyo kabla ya kufika nyuzi 100. Shule yenye kipimajoto yaweza kufanya vivyo hivyo. Hapa Mwanza maji huchemka karibu na nyuzi 96. Jambo hili liwakumbushe watoto kwamba elimu ya dunia ilianza kabla ya intaneti, kwa sufuria na moto.

MATETEMEKO NA UVUMI

Wataalamu wa jiolojia wa Marekani wana ukurasa wa mtandao unaoandika kila tetemeko kubwa la dunia: siku, saa, mahali na nguvu yake. Mtoto akiyapanga matetemeko ya Afrika Mashariki katika ramani, ataona mengi yakifuata njia ya yale matawi mawili ya Bonde la Ufa. Hapo ndipo somo huacha kuwa maneno ya kukariri.

Wazazi wengi wa Mwanza wanakumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na nusu alasiri. Tetemeko lenye nguvu ya 5.9 lilipiga karibu na Bukoba. Watu zaidi ya 15 walifariki, nyumba maelfu ziliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliumia vibaya. Mtikisiko ulisikika hata huku kwetu. Watoto wa leo hawaukumbuki, lakini wakiutafuta wataukuta umeandikwa.

Intaneti ileile yenye vipimo hivyo ndiyo iletayo uongo. Mtu akikutumia ujumbe kwamba kesho saa fulani dunia itatikisika, ujue hasemi kweli. Wataalamu waweza kusema mahali gani pana hatari zaidi, lakini mpaka leo hakuna awezaye kutaja siku wala saa. Mfundishe mtoto kuuliza maswali mawili: nani aliyepima, na alipima kwa nini? Akikosa majibu, asiupeleke ujumbe kwa mwenziwe.

ZIWA LAPANDA, ZIWA LASHUKA

Somo jingine lililo karibu na mlango wetu ni kina cha ziwa. Sehemu kubwa ya maji yake, kama nne katika tano, haitoki katika mito; ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Na maji mengi hayatoki kwa Nile. Hupaa hewani kwa jua. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka michache, ziwa hupanda mara moja. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 lilipanda zaidi ya meta 2, hata likafika kilele mwaka 1964. Wazee walisema hatutaona tena maji kama yale. Lakini Mei 2020 yaliifikia alama ile na kuipita kidogo, na watu wengi wa kandokando ya ziwa wakahama nyumba zao.

Tangu mwaka 1992 satelaiti hupima uso wa ziwa kwa kutuma wimbi na kuhesabu muda wa kurudi kwake. Mchoro wa vipimo hivyo hutazamwa bure. Mtoto auchore katika daftari, kisha aende kwa mvuvi mzee amwulize: "Shikamoo babu, maji yalifika wapi mwaka ule?" Babu atamwonyesha mti au jiwe. Hapo mchoro wa satelaiti na kumbukumbu za babu zitakutana, na mtoto atajifunza kuheshimu zote mbili.

SWALI LA MTOTO MMOJA

Siku moja tulipokuwa tukitazama picha za angani, msichana mmoja wa Igogo aliomba simu. Aliikaribisha picha mpaka akaona paa la kwao, kisha akauliza: "Mwalimu, simu inajua kama jiwe lililo juu ya nyumba yetu litaanguka?"

Wenziwe walicheka, lakini mimi sikucheka. Ni swali kubwa kuliko yote tuliyokuwa tumeuliza. Nikamjibu: "Simu haijui. Kutoka juu huliona paa la jiwe tu, na hatari iko chini yake. Lakini wewe waweza kujua kwa kutazama, maana umejifunza jinsi jiwe lilivyofika pale."

Tukapanda wote pamoja. Jiwe lililokaa juu ya mwamba mpana halikuwatia watoto wasiwasi. Walijifunza kuliogopa jiwe lililokaa juu ya udongo, kwa kuwa udongo ule ndio uliobaki wa ule ulioshuka, na bado washuka. Tulitazama: Je, maji ya mvua yamefanya mfereji chini yake? Je, pana ufa mpya ardhini upande wa juu? Je, mtu amechimba pembeni ili apate kiwanja, au mchanga wa kuuza? Je, jiwe lililo chini, linaloshikilia lile la juu, limechomwa moto ili lipasuke liwe kokoto? Kazi ya kokoto yalisha watu wengi, siwezi kuilaumu. Lakini apasuaye jiwe ajue kwanza lingine lililoegemea hapo ni lipi, na ni nyumba ya nani iliyo chini.

Kila mtoto alichora nyumba yao, mawe yaliyo juu yake na njia ya maji. Michoro ile ilikwenda nyumbani. Juma lililofuata mzee mmoja alinisimamisha njiani, akaniambia, "Karani, umemfundisha nini mjukuu wangu? Amenikatalia kuchimba nyuma ya nyumba." Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi atanionyesha mwenyewe pa kuchimba." Waliporudi waligeuza mfereji wa maji ukapita mbali na jiwe, wakapanda majani pale palipomomonyoka. Penye shaka kubwa, kazi si ya mtoto wala babu: mwenyekiti wa mtaa aarifiwe, na mhandisi aitwe kabla ya masika.

KWA MZAZI NA MWALIMU WA KIJIJINI

Labda utasema, "Sisi hatuna intaneti ya kutosha, na bando ni ghali." Ni kweli. Lakini simu moja yatosha ikiwa mwalimu amejitayarisha. Siku ya kwenda mjini, apakue picha tano au sita anazozihitaji, azihifadhi, na siku ya somo asitumie bando hata kidogo. Watoto wakae makundi madogo. Kundi moja litazame simu, jingine lishike mawe, jingine lichore ubaoni, kisha wabadilishane. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Shule yenye kompyuta moja yaweza kutumia programu ya bure iitwayo Kolibri, ambayo huhifadhi masomo yakasomwa na simu zilizo karibu bila intaneti.

Shida nyingine ni lugha, kwa sababu mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Hiyo ni kazi ya mwalimu: asome kwanza mwenyewe, kisha aeleze kwa Kiswahili safi. Mtoto asiyeelewa jambo kwa lugha aijuayo atabaki na majina matupu. Tena simu isipewe mtoto peke yake gizani. Mtu mzima akae naye, watazame pamoja.

Wala usidhani ni lazima uwe na mawe ya Igogo. Kila kijiji kina somo lake. Walio Mwadui wanaishi karibu na shimo la almasi aliloligundua John Williamson mwaka 1940. Wawaulize watoto almasi ilipanda kwa njia gani kutoka chini sana ardhini. Walio Geita wana dhahabu katika miamba ya kale. Walio Ukerewe wana ziwa pande zote. Na aliye mbali na hayo yote ana kisima: achimbapo, ahesabu rangi za udongo toka juu mpaka chini, aandike.

Basi, wazazi wapenzi, mtoto akija na jiwe mkononi akauliza limetoka wapi, msimwambie alitupe. Msafishieni mahali dirishani aliweke, na Jumamosi mwende naye mlimani mkaone lilikotoka.